Buletini yenye wino mwekundu: tuzungumze namna gani na mtoto?



Kila mwisho wa kipindi cha masomo, watoto wa Likasi wanarudi nyumbani na buletini. Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji, utawaona wengine wakikimbia barabarani huku wakiitikisa hewani. Wengine wanachelewa makusudi. Wanapitia kwa rafiki, wanaikunja na kuiweka chini kabisa ya mfuko wa shule. Leo tunaandika kwa ajili ya hao wanaochelewa, na kwa ajili ya wazazi wanaowangojea mlangoni.

Sisi wachungaji tunaletewa swali hili mara nyingi baada ya ibada: "Mchungaji, mtoto huyu ameshindwa tena, nimfanyie nini?" Jibu letu ni moja: kabla ya kumfanyia lolote, tujue kwanza kwa nini ameshindwa. Buletini inatuambia kwamba kuna shida. Haituambii shida hiyo ni ipi. Sehemu kubwa ya jibu iko kwa mtoto mwenyewe, naye hatalitoa kama anatetemeka.

Tusome buletini kabla ya kusema neno

Wazazi wengi wanaangalia vitu viwili tu: asilimia iliyoandikwa chini na nafasi ya mtoto darasani. Kisha wanaanza kupaza sauti. Lakini karatasi hii ina habari nyingi kuliko hizo.

Katika shule ya msingi mwaka una trimesta tatu, na kila trimesta ina vipindi viwili na mtihani. Katika sekondari kuna semesta mbili, nazo kila moja ina vipindi viwili na mtihani. Kwa hiyo tunaweza kulinganisha. Mtoto aliyekuwa na 58% katika kipindi cha kwanza na sasa ana 47%, kuna jambo limetokea katikati: ugonjwa, msiba, kufukuzwa kwa ajili ya feza, ugomvi nyumbani. Mtoto ambaye amebaki kwenye 47% tangu mwaka jana, shida yake ni ya zamani, pengine ni msingi wa kusoma au wa hesabu ambao haukujengwa. Hawa wawili hawahitaji maneno yale yale.

Tuangalie pia somo kwa somo. Tuseme pointi zote ni 400 na mtoto amepata 188. Hiyo ni 47%, na imeandikwa kwa wino mwekundu. Lakini ili afike nusu alihitaji pointi 12 tu. Huenda pointi hizo 12 zote zilipotea katika somo moja. Mzazi anayemwambia mtoto huyo "wewe hujui kitu" hasemi kweli, na mtoto anajua kwamba si kweli.

Nafasi nayo tuisome kwa uangalifu. Mtoto wa 37 kati ya 52 anaonyeshwa mahali pake kati ya wenzake. Haonyeshwi ni kiasi gani anajua. Katika darasa lingine, kwa pointi zile zile, angeweza kuwa wa 15. Na kule ambako shule inaandika juhudi na mwenendo, tusome hapo pia. Mtoto mwenye pointi chache na juhudi nzuri anatafuta msaada. Mtoto mwenye pointi chache na mwenendo mbaya huenda anaficha jambo lingine.

Tukumbuke pia kwamba sahihi ya mzazi kwenye buletini maana yake ni "nimeona". Tukikataa kutia sahihi kwa hasira, tunamfungia mtoto kati ya mwalimu na sisi. Ndipo wengine wanajifunza kuigiza sahihi ya baba.

Hofu inamfundisha mtoto kuficha

Mtoto akipigwa kwa ajili ya buletini ya kipindi cha kwanza, anajifunza somo moja upesi sana: ya kipindi cha pili isifike nyumbani. Atasema mwalimu hajagawa. Atasema imelowa na mvua. Mzazi ataona nyumba imetulia, kumbe tatizo linakua bila mtu kulishughulikia, na mwisho wa mwaka, siku ya proklamasyo, ukweli wote unatoka mbele ya watu.

Hapa Likasi tunajua njia nyingine ambayo mtoto aliyekata tamaa anaweza kuifuata. Ni mji wa shaba na kobalti. Machimbo ya mkono hayako mbali, na huko hakuna anayeuliza buletini. Mtoto anaanza kwa kuosha au kubeba mawe siku ya Jumamosi. Anapata feza kidogo, anasikia kwa mara ya kwanza mtu mzima akimwambia "umefanya vizuri". Wiki inayofuata anakwenda Jumatatu. Sheria ya migodi inakataza kazi ya watoto, lakini sheria haikai mlangoni mwa kila nyumba. Kwa msichana njia inaweza kuwa nyingine: kubakizwa nyumbani, kisha kuolewa mapema. Hatusemi kwamba kila mtoto anayekemewa ataacha shule. Tunasema kwamba mtoto anayesikia kila siku kuwa yeye ni mjinga atatafuta mahali ambapo hataitwa hivyo.

Wapo wanaotukumbusha Mithali 13:24 juu ya fimbo. Andiko hilo linamhimiza mzazi asiache kumwongoza mtoto wake, nasi tunalikubali. Lakini mtoto aliyeshindwa kwa sababu ya malaria hakuasi. Asiyeona ubao hakuasi. Paulo naye anawaambia akina baba katika Wakolosai 3:21 wasiwachokoze watoto hadi mioyo yao ikavunjika. Na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu, shuleni na nyumbani, itolewe kwa namna inayoheshimu utu wake.

Sababu ambazo tunapaswa kuzitafuta

Kwanza, lugha. Nyumbani Likasi tunasema Kiswahili. Sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa katika kufundisha, lakini mtoto akipanda madarasa, masomo na mitihani ni kwa Kifaransa. Kuna jaribio rahisi ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya, hata kama hakusoma sana. Chukua swali la hesabu ambalo mtoto alikosa. Mwambie alifanye tena, lakini umweleze kwa Kiswahili: "Mama ameuza mikate 24, kila mmoja franka 200, amepata ngapi?" Akijibu vizuri, hesabu anaijua. Kinachomshinda ni Kifaransa cha swali. Mtoto huyo anahitaji kusoma Kifaransa kwa sauti kila jioni, na kumwongezea hesabu hakutamsaidia.

Pili, mwili. Mtoto anayesogeza kaye karibu sana na uso, au anayenakili kwa jirani badala ya kunakili ubaoni, huenda haoni vizuri. Simama naye mlangoni, umfunike jicho moja, umwombe asome maandishi yaliyo ng'ambo ya barabara, kisha jicho la pili. Asiposikia ukimwita kwa nyuma, mpeleke kituo cha afya. Hesabu pia siku alizougua malaria. Wiki moja ya homa wakati darasa linaanza jambo jipya inaweza kuharibu kipindi kizima. Na njaa tusiisahau: mtoto aliyeondoka asubuhi bila hata chai anapigana na usingizi kufikia saa nne.

Tatu, shule yenyewe. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa, yalitangazwa kuwa bure. Watoto wengi waliokuwa nyumbani walipata nafasi, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini madarasa yalijaa. Mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati hawezi kuona kila anayepotea njiani.

Nne, nyumba. Nani anachota maji? Nani anabaki na mdogo wake mama akienda sokoni? Mara nyingi ni msichana. Taa iko wapi jioni? Katika sekondari, mtoto alifukuzwa siku ngapi kwa sababu ya minervali? Kama alikaa nyumbani majuma mawili akingoja feza, buletini hiyo ni ya nyumba nzima. Tuseme hivyo mbele yake. Haishushi heshima ya mzazi kumwambia mtoto: "Siku hizo hukuwa na kosa."

Kwa ndugu zetu wa Kivu na Ituri tunaongeza vita. Mtoto aliyekimbia kijiji chake, akalala kambini au kwa jamaa, amepoteza miezi ya masomo na pengine hata usingizi wa usiku. Kumlinganisha na aliyesoma mwaka mzima bila kukatishwa si haki.

Tano, ni kweli, kuna uvivu na michezo. Kuna mtoto ambaye ana afya, anaelewa Kifaransa, amelipiwa yote, lakini jioni zake zote ziko kwenye simu au uwanjani. Huyo anahitaji mipaka: simu inakaa kwa mama mpaka kazi ya shule iishe, na mpira baada ya kaye kuonekana. Mipaka kama hiyo inaweza kuwekwa bila matusi, na inapaswa kudumu. Adhabu kali ya siku moja inayosahauliwa kesho haimsaidii.

Tusimwite mtoto mchawi

Jambo hili tunalisema wazi kwa sababu linatokea katikati yetu. Mtoto akishindwa miaka miwili, sauti inaanza kunong'ona kwamba amefungwa akili, kwamba bibi fulani anakula pointi zake, au kwamba yeye mwenyewe ana roho mbaya. Kisha anapelekwa mahali anapofungishwa kula siku nyingi ili "afunguliwe".

Sisi tunaamini maombi, na tunawaombea watoto wetu wakati wa mitihani. Lakini kumnyima mtoto chakula hakumfundishi kugawanya. Na kumtaja bibi kuwa mchawi kwa sababu mjukuu amepata 40% ni kumshuhudia jirani uongo. Sheria ile ile ya 2009 inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa gerezani. Mchungaji anayeletewa mtoto kama huyu aulize kwanza: amepimwa macho? Mwalimu wake anasema nini? Amekula leo?

Namna ya kuanza mazungumzo

Maandiko yanatupa mifano miwili mizuri. Eliya alipokata tamaa na kulala chini ya mti (1 Wafalme 19), Mungu alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Swali la kwamba anafanya nini huko lilikuja baadaye. Na Mariamu, baada ya kumtafuta Yesu siku tatu, hakuficha uchungu wake, lakini alianza kwa kumwuliza mtoto kwa nini amefanya hivyo, akangoja jibu (Luka 2:48). Hata jibu lenyewe hakulielewa mara moja, bali aliyahifadhi yale yote moyoni.

Kwa hiyo tusizungumze mbele ya wageni, wala mbele ya dada yake aliyepata 70%. Tungoje ale. Tuketi chini kama yeye alivyoketi. Kama hasira bado iko juu, tumwambie: "Nimeiona, tutazungumza kesho jioni." Kisha kesho tuzungumze kweli.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi. Mama, kama desturi yetu, anamwita kijana wake "papa":

"Papa, umeshiba?"

"Ndiyo, mama."

"Nimesoma buletini yako. Jiografia na dini umefanya vizuri. Hesabu ndiyo iko chini. Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Sijui."

"Sawa. Kuna wakati ulikuwa unaelewa, kisha ukaacha kuelewa?"

"Zile namba zenye koma. Zilianza wiki niliyokuwa na malaria."

"Ulimwuliza mwalimu?"

"Hapana. Ukiuliza, wenzako wanacheka."

"Nimesikia. Asante kwa kuniambia. Alhamisi nitakwenda kumwona mwalimu. Leo tutaazima kaye ya rafiki yako."

Mama hakusema kwamba 40% ni nzuri. Alitaja kilicho chini kwa jina lake. Lakini alianza na kilicho kizuri, akauliza, akavumilia ile "sijui" ya kwanza, na mwisho akajua mambo mawili ambayo buletini haikuandika: malaria na kicheko cha wenzake.

Tuchague pia maneno ya kusifu. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti juu ya watoto wa darasa la tano. Baada ya zoezi la kwanza, wengine waliambiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Kisha wote walipewa zoezi gumu, wakashindwa. Waliosifiwa juhudi waliendelea kujaribu. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi, na walipoulizwa pointi zao, wengi zaidi kati yao walidanganya. Mtoto anayeambiwa "wewe ni mwenye akili" anaogopa kupoteza jina hilo. Ni afadhali kumwambia: "Nimeona ulirudia zoezi mara tatu."

Baada ya mazungumzo

Maneno mazuri bila mpango yanasahaulika ndani ya wiki. Tuchague somo moja, yaani lile ambalo pointi zake ziko karibu kurudi, na tuanze na nusu saa kila jioni kwa saa ile ile. Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kuketi karibu na kusema, "Nifundishe ulichojifunza leo." Mtoto anayeeleza kwa mdomo wake anagundua mwenyewe mahali anapokwama.

Twende shuleni kabla ya mwalimu kutuita. Maswali matatu yanatosha: mtoto wangu anakwama wapi? Anakaa wapi darasani? Nyumbani nifanye nini? Mwalimu akiona mzazi amekuja bila ugomvi, mara nyingi atamwangalia mtoto huyo kwa jicho lingine.

Na kama mwaka umekwisha na imeandikwa kwamba atarudia darasa, tumweleze kabla mitaa haijamweleza. Kurudia mwaka kunauma, na kunagharimu feza, lakini si laana. Mtihani wa Serikali nao unaweza kurudiwa. Kumpeleka juu bila msingi, kwa kumpa mtu feza au kumhamisha shule kwa haraka, ni kuahirisha maumivu hayo tu.

Kanisa lifanye nini?

Matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mji mzima unajaa shangwe, vijana wanamwagiwa poda nyeupe, na Jumapili tunawaita mbele tuwaombee. Ni furaha ya haki. Lakini kwenye benchi za nyuma wapo ambao simu yao ilileta habari nyingine. Wengine siku hiyo hawaji kanisani kabisa. Mchungaji na mashemasi wawajue kwa majina, wawatembelee nyumbani juma hilo hilo, na wasingoje wakati watakapokuwa wametoweka.

Tuache kumwuliza mtoto "umepata ngapi?" mlangoni mwa kanisa mbele ya watu. Tufungue chumba cha kanisa jioni mbili kwa juma, chenye taa na meza, na vijana wa chuo wawasaidie wadogo kusoma. Wamama wa ushirika wanaweza kupanga zamu ya kubaki na watoto wadogo, ili msichana anayewalea apate saa moja ya kaye yake. Haya hayahitaji mfadhili kutoka mbali.

Luka anasema kwamba Yesu mwenyewe alikua katika hekima kadiri alivyokua kwa kimo (Luka 2:52). Kama Mwana wa Mungu alikubali kukua hatua kwa hatua, katika nyumba ya fundi, chini ya wazazi waliomwuliza maswali, basi watoto wetu nao wapewe nafasi ya kukua. Juma hili, kabla ya kutia sahihi, tuketi nao na tuwaulize. Kisha tunyamaze, tuwasikilize.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.